Chini ya Nyiragongo, Tusikilize Redio Ipi?

Nyumba za Gisenyi, Rwanda, na za Goma, Kongo, zimekaribiana kiasi kwamba mtu akipaza sauti upande mmoja, wa upande wa pili anageuka. Watu wanapanga foleni mpakani, lakini mawimbi ya FM yanapita tu. Ukizungusha redio polepole alfajiri utaipata Radio Rwanda kutoka Kigali, utaipata RC Rubavu ya hapa hapa, kisha utavuka bila kujua na kuingia Goma: Radio Okapi, Pole FM, Mishapi Voice. Ndani ya dakika chache umesikia Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kilingala.

Wingi huo unaleta swali ambalo wakazi wa Rubavu, wilaya ya Gisenyi, wanabishania sokoni na kwenye mitumbwi ya sambaza. Msikilizaji wa mji huu aitegemee redio ipi: ya hapa, ya umma, au ile inayotoka mbali kwa setelaiti na masafa mafupi? Swali si la starehe. Mji huu umeumizwa na habari za uongo, habari zilizochelewa na habari ambazo hazikufika kabisa.

Hoja nimezigawa kwa wasemaji watatu: mama anayevusha mboga kwenda Goma, mwalimu mstaafu, na fundi wa redio. Sikuwapa majina, kwa sababu kila mkazi wa Rubavu anawajua watu wa aina yao. Mimi nitaingilia pale hoja inapotaka kuachwa njiani.

MAMA: Nianze mimi, maana ndimi ninayeamka mapema. Saa kumi na moja alfajiri redio yangu inawaka kabla ya jiko. Wakati ule sitafuti muziki wala hotuba. Nataka kujua kivuko cha mpakani cha Petite Barrière kikoje leo, karoti za Busasamana zimepandaje, barabara ya Goma ni shwari au la. Mnaikumbuka tarehe 1 Agosti 2019? Ebola ilikuwa imeingia Goma. Tulifika na mizigo tukaambiwa mpaka umefungwa, na siku hiyo hiyo ukafunguliwa tena. Katikati ya saa hizo nyanya zinalainika juani, na mteja wa soko la Virunga, Goma, anakungoja. Redio ya Kigali itaitangazia nchi nzima kwamba mpaka umefungwa, na hiyo ni habari kweli. Mimi nataka nijue nirudi nyumbani au nikae kivulini ningoje. Hilo atanijibu mtangazaji anayeweza kutoka studio akatembea hadi mpakani akaangalia kwa macho yake.

MWALIMU: Mama, sikukatalii, lakini usiipunje redio ya umma. Radio Rwanda ipo tangu 1961, kabla hata ya uhuru. Kwa miaka mingi mtu akifariki Huye, shangazi yake aliyeolewa huku Rubavu alipata taarifa kwenye matangazo ya vifo ya jioni, akawahi mazishi. Hakuna redio ya mtaa iliyoweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu mnara wake haufiki huko. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa korona, masomo yalipita redioni. Mtoto wa Nyamyumba na mtoto wa Kigali walisikiliza somo moja, bila bando wala simu ya bei. Na michezo ya redio je? Urunana ulianza 1999 ukafundisha nchi nzima mambo ya afya na uzazi ambayo wazazi waliona haya kuyataja. Musekeweya ulianza 2004, hadithi ya vijiji viwili vilivyotiliana sumu ya chuki hadi vikaumizana, halafu vikaanza kutafuta njia ya kuishi tena. Kazi ya namna hiyo inataka waandishi, waigizaji, na miaka ya kuwalipa. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya maduka matatu hakiwezi.

MAMA: Lakini RC Rubavu ni yetu.

MWALIMU: Ni yetu, na mama yake ni RBA, shirika la utangazaji la umma lililochukua nafasi ya ORINFOR mwaka 2013. Ina ndugu zake Huye, Musanze, Rusizi na Nyagatare. Unaposifu redio ya hapa, unasifu pia bajeti ya umma.

Hapo Mwalimu amegusa jambo ambalo wengi hulipita. Tunazungumza kana kwamba redio ya jirani na redio ya umma ni mali mbili tofauti, moja ya wananchi na nyingine ya serikali. Gisenyi haikupangwa hivyo. Kituo cha jirani zaidi ni tawi la shirika la taifa, na uhodari wake una mipaka inayochorwa Kigali: nani anaajiriwa, mtambo upi unatengenezwa kwanza, saa ngapi kituo kinajiunga na taarifa ya habari ya taifa. Hayo si makosa, lakini msikilizaji anapaswa kuyajua anapodai haki yake, ili ajue mlango wa kubisha.

FUNDI: Wazee wangu, ninyi mnabishana kuhusu minara. Mimi nina la angani. Kulikuwa na kampuni inaitwa WorldSpace, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Alitaka Mwafrika apate redio safi popote alipo. Oktoba 1998 setelaiti yake, AfriStar, ilirushwa kutoka Kourou, na mwaka uliofuata ikaanza kutangaza kwa bara zima. Ilikaa nyuzi 21 mashariki, kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwa mtu wa Gisenyi maana yake ilikuwa karibu juu ya utosi! FM inataka kuuona mnara. Ukizunguka nyuma ya mlima Rubavu, sauti inaanza kukwaruza, ukishuka bondeni inapotea. Ile ya setelaiti ilikuwa inashuka kutoka juu, haina habari na vilima vyetu. Kilichokuwa kinaizuia ni bati la nyumba. Ulikuwa unatoa antena yake bapa nje, unailaza ikiangalia mbinguni, unavuta waya hadi ndani, ukisubiri taa ionyeshe kwamba imenasa. Na ikinasa, sauti haina hata chembe ya mkwaruzo.

MAMA: Iliuzwa bei gani?

FUNDI: Mwanzoni zaidi ya dola 100. Baadaye chaneli nyingi wakazifunga, hadi ulipe ada.

MAMA: Dola 100, mwanangu, ni mtaji wangu wa karoti. Na mpaka wetu ingeutaja?

FUNDI: Hapana, Mama. Chaneli zilikuwa nyingi, za habari za dunia, muziki, dini, masomo. Za Rubavu hazikuwepo. Kampuni iliomba kinga ya mufilisi Oktoba 2008, na mwaka 2009 haukuisha kabla huduma haijakatwa. Waliokuwa na vipokezi walibaki navyo, angani hakuna cha kunasa.

Kule Marekani redio ya setelaiti iliishi. Sirius na XM ziliungana mwaka 2008, zikaingia kwenye magari, na mteja analipa kila mwezi akiwa barabarani maili kwa maili. Hesabu hiyo haikupata mahali pa kusimama kwetu, ambako redio ni kifaa cha mawe mawili kinachoning'inia kwenye kibanda au kinachokaa ndani ya simu ya vitufe, na kusikiliza ni bure. Samara aliona kweli pengo la Afrika. Aliyemsahau ni mnunuzi.

FUNDI: Naomba nimalize, maana watu hudhani setelaiti ya redio imekufa. Haikufa. Imehamia nyuma ya mnara. Radio Okapi mnayoinasa hapa inatuma sauti kwa setelaiti hadi kwenye mitambo ya mikoani kote Kongo, na mtambo ndio unaoigeuza kuwa FM. Idhaa za nje nazo zinafika hivyo kwa vituo vinavyozirudia. Kwa hiyo Mama anasikiliza setelaiti kila siku, ila hajainunulia dishi.

MWALIMU: Sawa. Sasa niruhusuni niseme lililo zito. Mama anasema redio nzuri ni ya jirani, anayeujua mtaa. Mimi niliisikia redio iliyoujua mtaa kuliko zote. RTLM ilianza Julai 1993. Ilikuwa changamfu, ya muziki na utani, wasikilizaji wanapiga simu, watangazaji wanaongea lugha ya baa na ya kituo cha basi. Watu waliipenda kwa sababu ilikuwa karibu nao. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ukaribu huo ndio uliogeuzwa kuwa silaha: ilitaja majina ya watu, ikataja walikojificha, ikahimiza wauaji. Na Kigali ilipokombolewa Julai, ilikimbilia hapa Gisenyi, ikaendelea kunena hadi mji nao ulipotoka mikononi mwao. Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura alikuwa mtu wa mji huu. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo, haikuwaacha huru. Kwa hiyo msiniambie kwamba redio ikiwa karibu basi ni njema.

MAMA: Mwalimu, nakusikia, na maumivu hayo ni yetu sote. Lakini sema yote. Machi 1992 ni redio gani iliyosoma taarifa ya uongo, na watu wakauawa Bugesera?

MWALIMU: Ilikuwa Radio Rwanda.

MAMA: Radio ya umma. Na aliyekuwa akiongoza ORINFOR siku zile ni nani?

MWALIMU: Nahimana huyo huyo. Aliondolewa baada ya Bugesera, akaja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM.

Mjadala ungeweza kukwama hapa, nami naona hapa ndipo penye kiini chake. Redio ya umma iliua kabla ya redio binafsi kuua, na mtu mmoja alipita kutoka moja hadi nyingine bila kubadili nia. Redio ya mbali nayo haikuwa na nafasi ya kuokoa. BBC ilikuwa na idhaa ya Kiswahili tangu 1957, lakini kabla ya 1994 haikuwa na matangazo ya Kinyarwanda. Mkulima wa kilimani ambaye redio yake ilinasa sauti moja kwa lugha yake alisikia sauti moja tu, asubuhi hadi usiku, na hakuwa na nyingine ya kuipimia.

Baada ya balaa, kazi ya jirani ilifanywa na watu wa mbali. Mwaka huo wa 1994 BBC ilianzisha Gahuzamiryango, ikawa inasoma majina ya watoto na wazazi waliopoteana ili watafutane. Upande wa Kivu, Radio Agatashya ilianza kutangaza kutoka Bukavu, kwa wakimbizi waliokuwa bado wanazungukwa na propaganda ile ile iliyowatoa kwao. Ilidumu hadi vita vya 1996 vilipoinyamazisha. Waliotoka katika kazi hiyo, Fondation Hirondelle, ndio walioshirikiana na Umoja wa Mataifa kuanzisha Radio Okapi tarehe 25 Februari 2002, wiki chache tu baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga ujiuji wa moto katikati ya Goma na mamia ya maelfu ya watu kukimbilia huku kwetu. Okapi ikazungumza Kiswahili, na msikilizaji wa Gisenyi akaichukua kama yake ingawa hakuna aliyemkusudia.

FUNDI: Basi nimeshinda! Redio ya mbali ndiyo iliyotuunganisha.

MAMA: Umeshinda nusu, mwanangu. Ya mbali ina mtu mwingine mwenye kuifunga.

Mama ana haki, na ushahidi wake uko wazi. Oktoba 2014 Rwanda ilisimamisha matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda baada ya filamu yake kuhusu 1994, filamu ambayo manusura wengi waliiona kuwa ni kukana msiba wao. Machi 2015 Deutsche Welle ilizima kituo chake cha masafa mafupi cha Kinyinya, Kigali, kilichofanya kazi tangu 1965. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza baada ya amri iliyotoka Washington, ikaenda na idhaa zake za Kiswahili na za Kinyarwanda na Kirundi. Mara tatu, sababu tatu tofauti: mgogoro wa kisiasa, hesabu za gharama, mabadiliko ya utawala wa nchi ya mbali. Hata mara moja msikilizaji wa Rubavu hakuulizwa. Mwalimu anashikilia kwamba nchi iliyopitia 1994 ina wajibu wa kulinda mawimbi yake, nami namheshimu kwa hilo. Bado nasema mlinzi na anayelindwa wanapaswa kusikilizana, la sivyo ulinzi unamwacha msikilizaji na sauti moja tena.

MWALIMU: Tuache historia. Mlima ukilipuka leo usiku, unasikiliza nani?

MAMA: Swali hilo silihitaji kulifikiria. Jumamosi ile, tarehe 22 Mei 2021, anga liligeuka jekundu jioni, na barabara ya Goma ikajaa watu wanakuja kwetu na magodoro kichwani. Goma umeme ulikatika. Siku zilizofuata ardhi ilikuwa inatetemeka, kuta za Gisenyi zikapasuka, tukalala nje. Mmoja anasema lava iko chini ya ziwa, mwingine anasema gesi ya Kivu itatoka ituue sote usingizini. Tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Tangazo lile lilikuwa la Goma, lakini aliyekuwa anatetemekewa na ardhi nilikuwa mimi pia. Niliwasha za Goma kusikia kituo chao cha kuchunguza volkano kinasema nini, nikawasha Radio Rwanda kusikia wataalamu wetu wanasema nini, halafu nikatafuta ya hapa ili nijue nilale wapi.

FUNDI: Kwa hiyo ulisikiliza zote.

MAMA: Zote. Lakini ya mwisho ndiyo niliyoitegemea kuamua.

MWALIMU: Na usiku mto Sebeya ulipofurika?

MAMA: Usiku ule wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 watu walikuwa wamelala. Nchini walikufa zaidi ya 130, na Rubavu ni miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Mto haukungoja taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi.

Baada ya hapo wote watatu walinyamaza, nami sikutaka kuwaharakisha. Nilikuwa nikikumbuka siku nyingine: Januari 27, 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, makombora yaliangukia upande wetu na raia wakafa majumbani mwao. Siku ya namna hiyo msikilizaji hataki uchambuzi wa siasa za Maziwa Makuu. Anataka kuambiwa mtaa upi uko kwenye hatari na shule ipi imefunguliwa ili watu wajisitiri.

Hukumu yangu naitoa bila kuzungusha maneno. Redio ya hapa ndiyo inayostahili nafasi ya kwanza Gisenyi, kwa sababu hatari za mji huu hupimwa kwa dakika na kwa mita, na sauti ya mbali haiwezi kuzipima. Redio ya umma inafuata, kwa sababu ndiyo inayobeba gharama ambazo mji mmoja hauwezi kuzibeba, na kwa sababu mtu wa Rubavu ni raia wa nchi nzima. Redio ya mbali iwe shahidi: isikilizwe, ipimwe, isiabudiwe, na isifungwe ovyo. Ila nafasi ya kwanza ina masharti. Ukaribu uliotumika 1994 ulikuwa ukaribu usiokubali kupingwa. Kituo cha jirani kinachostahili imani ni kile kinachomruhusu muuza karoti kupiga simu na kusema mmekosea, kisha kinasahihisha kosa hilo kwa sauti ile ile iliyolitangaza.

Kwa hiyo RBA naiomba jambo la kutendeka. RC Rubavu iwe na mtangazaji wa zamu usiku kucha msimu wa mvua na kila mlima unaponguruma, mwenye namba za Meteo Rwanda, za wataalamu wa madini na matetemeko wa Kigali, na za kituo cha volkano cha Goma. Matangazo ya dharura yasomwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, lugha ambayo Bunge liliifanya rasmi mwaka 2017, maana usiku wa hatari nusu ya watu walio barabarani hapa wanatoka ng'ambo. Watangazaji wa Goma na wa Gisenyi wawe na njia ya kuulizana kweli ya jambo kabla hawajalisema, hata pale serikali zao zinapokuwa hazisemezani.

Nawe msomaji wa Rubavu, usiitegemee simu peke yake. Weka nyumbani redio ndogo yenye FM na masafa mafupi, nunua mawe yake kabla mvua hazijaanza, na wafundishe watoto kuizungusha wasisimame kwenye kituo kimoja.